"Kwa Nini Mmeninunia?"

Jumanne, 4 Machi
Nimechomelea mageti mawili, la tatu limebaki. Saa nane mke wangu Odette kapiga simu: mwanetu Keza ana homa, anatapika, mwanga unamuumiza. Nimeacha mashine hapo kazini Gisozi, nikarudi kwa pikipiki. Mtoto wa miaka sita, shingo imekaza kama ubao. Odette ana kichanga cha wiki tatu. Hospitali nimekwenda mimi.

Jumatano, 5 Machi
Madaktari wanahofia homa ya uti wa mgongo. Lazima wachote maji mgongoni wapime. Mzazi amshike. Mimi sindano hunitia kizunguzungu. Nimemkunja kifuani, magoti yakagusa kidevu. "Papa, niachie!" Sikumwachia.

Alhamisi, 6 Machi
Ndiyo yenyewe. Degedege mara mbili leo. Haamki. Wodi nzima akina mama, mwanaume peke yangu. Mmoja kanifundisha kumgeuza bila kuvuta dripu. Odette akipiga simu nasema mtoto anaendelea vizuri. Uongo. Naogopa.

Jumapili, 9 Machi
Homa imeshuka. Kafungua macho, kaomba uji. Nimelia mbele ya akina mama wote. Sioni haya.

Jumatatu, 10 Machi
Muuguzi kaangusha beseni la chuma. Wodi nzima tumeshtuka. Keza hakugeuka. Nimepiga makofi nyuma ya kichwa chake. Hakuna kitu. Kisha kanigeukia, kasema kwa sauti kubwa mno: "Papa, kwa nini mmeninunia? Hakuna anayenisemesha."
Nimetoka.

Jumatano, 12 Machi
Wamempima. Masikio yote mawili hayasikii. Daktari hakuzungusha maneno: "Ugonjwa umeharibu sikio la ndani. Usingoje lipone. Anza kumtafutia lugha nyingine."
Odette nimempa ukweli wote, na ule niliomficha. Kalia sana. Halafu: "Na yeye umemwambia?"
Bado.

Alhamisi, 13 Machi
Nimemwambia. Kusoma bado hajui, kwa hiyo nimechora humu daftarini. Kitanda. Keza. Homa kichwani. Masikio yake, nikayaziba kwa wino. Halafu mimi, mama yake na kichanga, midomo wazi, tunamwita.
Kaangalia muda mrefu. "Hamjaninunia?"
Nikatikisa kichwa. Hapana.
"Masikio yatafunguka?"
Ningeweza kumdanganya. Nimetikisa kichwa tena.
Kanipiga ngumi kifuani, nyingi. Nimekaa mpaka zikaisha.

Jumapili, 27 Aprili
Tumetoka kanisani mapema. Sasa kila Jumamosi tunakwenda shule ya viziwi, mimi na yeye, kujifunza lugha ya alama. Mikono yangu mizito, yake inaruka.
Asubuhi hii nimekosea alama ya maziwa. Kanishika vidole, kavikunja upya, kimoja kimoja. Nimerudia mpaka akaridhika.
Kisha kaenda kuniletea kikombe cha maziwa.