Kikombe cha Kwanza cha Munkoyo

Mama Mukubwa,

Uji unapoa. Nimeushusha sasa hivi, sufuria zote ziko barazani zimefunikwa kwa vitambaa kama ulivyokuwa unafanya, na mimi nimekaa kwenye kigoda chako na kalamu. Nina muda mpaka uji ufike pale ambapo mtu anaweza kutia kidole na kukiacha humo. Ukifika hapo, lazima nitie mizizi iliyotwangwa, iulegeze uji uwe munkoyo wa kunywa. Na mizizi yenyewe ndiyo ninayoiogopa. Naogopa sana, Mama Mukubwa. Nakuambia wewe kwa sababu hapa hakuna wa kumwambia bila ua wote wa lupango kujua kabla ya chakula cha mchana.

Ngoja nianze mwanzoni. Hukupenda nianze habari kwa mkia.

Tangu utuache, munkoyo haujakatika nyumbani. Ule wa kwanza ulikuwa wako mwenyewe. Ulikuwa umeuacha unachacha kwenye bidoni, lile dumu la plastiki, siku ile tansio, presha yako, ilipokuangusha, na ulipoiva wewe ulikuwa umekwisha kwenda. Tuliugawa asubuhi ya mazishi. Nilimimina, vikombe vikapita, na watu wote wakavishika mikononi bila kunywa. Hakuna aliyepanga. Ni mazoea ya huku kwetu, aliyepika hunywa kwanza, watu wamwone, ndipo nao wanywe. Walikuwa wanakungoja wewe, na wewe ulikuwa kwenye sanduku chini ya maua ya plastiki. Kisha macho yakaanza kunigeukia mimi. Nikanywa. Ulikuwa mtamu, mtamu mpaka nikakasirika.

Basi hivyo ndivyo nilivyorithi kazi yako, bila mkutano wa ukoo. Majirani wanaendelea na utani wao wa zamani, eti Mkasai gani huyu anayepika munkoyo wa Wabemba. Nawajibu jibu lako: "Minye nilizaliwa Likasi, tumbo yangu haiko na kabila." Wanacheka. Halafu wananunua.

Baadaye parokiani waliita watu wa biashara ndogo ndogo, wanaotaka kuanza na wanaotaka kukua. Nilienda. Nilivaa na viatu vya kufunga, ungenicheka. Hawakutuletea maprofesa, walisimama watu wa hapa hapa tu na kueleza walivyoanza. Mama mmoja wa samaki wa chumvi alisema pesa ya biashara na pesa ya sufuria zisilale kwenye kitambaa kimoja, na mimi nimefanya hivyo, na kweli inasaidia. Kijana anayetengeneza pikipiki alisema mtu anayetaka kukua aache kushika kila kazi kwa mikono yake, nyingine awaachie wengine. Na fundi cherehani wa Shituru alisimulia jinsi alivyokubali nguo za harusi tatu za siku moja. Hakuweza kumaliza, akaona haya kusema, akawa anajibu "kesho, kesho". Wasimamizi wa bibi harusi wakaingia kanisani na nguo zao za kwenda sokoni. Alisema angesema "haiko" mapema, angempoteza mteja mmoja. Alinyamaza, akapoteza mtaa.

Tulicheka sana habari ya wale wasimamizi. Lakini nilipokuwa narudi nyumbani nilikuwa nimebeba maneno ya kijana wa pikipiki peke yake, maana ndiyo yaliyokuwa matamu.

Sasa, kesho ni harusi ya binti wa Mama Odette. Unamkumbuka, mume wake ni mkubwa pale kiwandani Shituru. Alikuja mwenyewe na gari, akaliacha katikati ya njia, akaingia lupango mbele ya watu wote. Akaniambia, akitaja jina lako: "Ya Ngalula nilikunywa ku ndoa yangu. Ya mutoto yangu utapika weye." Akataja bidoni alizotaka, nyingi kuliko tulizowahi kupika mimi na wewe pamoja. Nikasema ndiyo kabla sijameza mate. Nilijiona nimefika. Harusi ya watu wakubwa, na kila atakayekunywa ataulizia ni wa nani.

Nikamtumia habari Papa Mwansa aniletee mizizi. Kumbe goti limemkatalia. Na hata bila goti, pale porini upande wa Kambove alipokuwa anachimba munkoyo, sasa watu wanachimba shaba, ardhi yote imefunuliwa, mzee analazimika kwenda mbali zaidi. Akasema nimngoje. Nami harusi ilikuwa inakuja.

Ndipo sokoni nikakutana na mtu nisiyemjua, ana mfuko wa mizizi iliyokwisha kutwangwa. "Nimetwanga tayari, mama, weye utatia tu." Nikamwona moyoni yule kijana wa pikipiki akiniitikia kwa kichwa. Nikafikiria kinu, nikafikiria mgongo wangu, nikanunua mfuko mzima. Wewe hukununua mizizi iliyotwangwa maisha yako yote, najua, najua, usinitazame hivyo.

Ulikuwa unataka mizizi mizima, yenye udongo wake. Ulikuwa unachukua mmoja, unaufuta kwenye kitenge, unautafuna mbele ya aliyeuleta, unafumba macho. Muuzaji akijaribu kueleza alikoutoa, unamnyamazisha kwa mkono: "Nyamaza, kinywa yangu inasoma." Nilikuwa naona ni maringo. Mpaka uliponisimulia ile karamu ya zamani, kabla sijazaliwa, ambapo mtu alichanganya mzizi mwingine unaofanana na munkoyo. Watu wakaanza kutapika mmoja mmoja wakiwa bado wanacheza. Mzee mmoja akaenda kulala akidhani amelewa, na hakuamka. Ulisema mwanamke aliyepika alihama mji, na hata jina lake watu wakaacha kulitaja.

Leo alfajiri nimemwaga ule mfuko kwenye ungo. Si rangi moja, Mama Mukubwa. Nyuzi nyingi ni za njano kama zetu, lakini nyingine zimeelekea wekundu, na zote zimepondwa pamoja, huwezi kuona ganda wala umbo. Nimetafuna. Ni chungu. Lakini hata chai yangu leo ilikuwa chungu, na mkate ulikuwa na ladha ya misumari. Nina mimba. Anajua mume wangu Didier peke yake, na sasa wewe. Kinywa changu kimegeuka, hakiniambii kweli, na siku ninayokihitaji ndiyo hii. Nikatema, nikasukutua, nikakaa chini naogopa hata kile kidogo nilichomeza.

Nimejaribu kwenye bakuli. Nimechota uji, nikatia kiganja cha zile nyuzi. Uji umelegea vizuri, umekuwa maji kama inavyotakiwa, nikafurahi mpaka nikapiga kofi. Halafu nikakusikia kabisa, na ile sauti yako ya kuchoka: "Kama bamechanganya, uji italegea tu. Utajuaje?" Sitajua. Ndiyo shida. Nitajua kesho, katikati ya muziki.

Naandika pole pole ili uji usipoe, kana kwamba unanisikiliza.

Kuna jambo moja sijakuambia. Nyuma ya mlango wa chumba chako lile fungu bado linaning'inia kwenye msumari, mizizi ya mwisho uliyoichagua mwenyewe, umeifunga kwa utepe wa kitenge cha bluu. Sijaligusa. Watu wengine wanabaki na picha, mimi nimebaki na fungu. Nikifungua mlango, harufu inanipokea kama uko kitandani unajipumzisha. Linatosha sufuria chache tu. Na likiisha, hakuna tena kitu katika nyumba hii ambacho wewe ulikitia kinywani ukasema ni kizuri.

Naenda kwa Mama Odette. Nikikaa dakika moja zaidi sitaenda.

Nimerudi.

Kabla ya kutoka niliumwaga mfuko wote chooni, kwenye shimo, kuku wasije wakadonoa, na mimi nisije nikabadilisha mawazo njiani. Nilimkuta ukumbini kwake na wanawake wengi, wananyonyoa kuku, wanaimba. Nikamwambia munkoyo hautafika wote, utafika kidogo, wa fungu lako la mwisho. Wimbo ukakatika. Akasema: "Unaniambia leo? Ndoa ni kesho!" Nikamweleza mizizi niliyonunua na kwa nini nimeitupa. Hapo mwanamke mmoja akaweka kisu chini, akanitazama, na mimi nikajua wote wanafikiria nini. Kwamba je, ule waliokunywa wiki zilizopita? Nikaapa kwamba ule ulikuwa wa mizizi ya Papa Mwansa, nimeitafuna yote. Niliona jina lako linaanguka pale sakafuni kwenye manyoya ya kuku, na aliyeliangusha ni mimi.

Mama Odette akafuta mikono kwenye kitenge, akasema: "Leta ile ya Ngalula. Itakuwa ya bazee na bamarie, mutoto yangu na bwana yake. Bengine batakunywa biere. Lakini weye utakunywa wa kwanza, mbele ya bantu bote. Nikuone." Hakutabasamu. Hakunisindikiza. Sijui kama ataniita tena maishani, na wale wengine walikuwa wanatazamana. Huenda kesho kutwa nitakaa barazani na bidoni zangu bila mtu. Hilo pia naliogopa, nisikudanganye.

Uji uliozidi nimeutia sukari nikaita watoto wa lupango. Wamekula mpaka matumbo yakawa ngoma. Wanadhani ni sikukuu.

Kisha nikaenda chumbani, nikalishusha fungu. Ulikuwa umekaza fundo kwa hasira gani? Nimelifungua kwa meno. Nikaitandaza mizizi kwenye mkeka, mmoja mmoja, na mmoja wao una ncha iliyotafunwa. Ulikuwa umeujaribu, ukaridhika, ukaufunga pamoja na wengine. Alama zimekauka, lakini zinaonekana, hata lile pengo la jino lako la mbele. Nimelia, ndiyo. Nilitaka kuuficha huo mmoja, niuweke kwenye sanduku na picha za ubatizo. Niliushika muda. Halafu nikauma pale pale ulipouma. Kinywa changu bado kilisema misumari. Nikaamua kuamini cha kwako.

Nimeitwanga yote, na huo wako ndani. Didier alitaka kunipokea mchi nikakataa. Nimetia kwenye sufuria, nikakoroga, na uji ukaanza kulegea chini ya mwiko pole pole, kama mtu anayeacha kununa. Hakijabaki hata kipande kimoja. Msumari uko mtupu.

Sasa unishikie ahadi hizi. Kabla tumbo halijawa zito, nitamfuata Papa Mwansa na goti lake, tupande pikipiki hadi huko anakoutafuta munkoyo sasa, anionyeshe jani, anionyeshe shina, anionyeshe na ule mbaya unaofanana nao. Nitachimba kwa mkono wangu. Ambacho sijakiona kizima hakitaingia tena kwenye sufuria yako. Na pale ambapo mizizi haipo, nitasema "haiko", hata mbele ya watu wote kama leo. Nikikua, nitakua kwa kadiri ya mizizi niliyoitafuna.

Kesho nitavaa kitenge chako cha bluu, kile ulichokata ule utepe wa fungu. Nitamimina, vikombe vitapita, watu watavishika na kuningoja. Najua tayari kwamba nitaogopa. Nitaogopa kwa ajili yao, na kwa ajili ya huyu aliye ndani, ambaye atakunywa nami bila kuulizwa. Lakini mizizi hiyo ulishaitafuna wewe, na hiyo inanitosha kuinua mkono.

Lala sasa, Mama Mukubwa. Usiamke kuja kuangalia sufuria. Kikombe cha kwanza nitakunywa mimi.

Béa wako
Likasi