Krimu ya Ukuta wa Barabarani

Kaka Hamisi,

Nyumba yangu ya Chamazi niliipoteza Jumapili ile uliponiita nije kuchagua rangi, ingawa nimekuja kulijua hilo masika hii. Wewe nilikupoteza wiki tatu baada ya Jumapili hiyo, ulipoaga kwamba unakwenda kupaka shule huko Lindi, simu yako ikazimika moja kwa moja. Shikamoo. Naiandika kwa sababu mama alitulea hivyo, si kwa sababu moyo umetulia.

Barua nimeifanya ya wazi makusudi. Anayejua ulipo akusomee.

Unakumbuka chumba chetu cha Temeke? Kila Idi ikikaribia, mama alikuwa anakoroga chokaa kwenye beseni, anatia bluu ya kufulia ili ukuta utoke na ubaridi, maana lile bati lilikuwa linatuchemsha. Wewe ulikuwa unachota udongo mwekundu nyuma ya choo, unamtilia akigeuka. Ukuta unatoka na joto, kama maziwa yaliyodondokewa na chai.

"Hamisi, nani kaniharibia chokaa yangu?"

"Mvua, mama."

"Mvua gani, na jua lote hili?"

Alicheka mpaka akakaa chini. Mie nilikuona, sikusema. Siku hizi nakumbuka zaidi kule kunyamaza kwangu kuliko kile kicheko.

Mama alipotutoka duniani ulinisomesha kwa ngazi na brashi. Ukaanguka ukipaka jumba la mtu Mbezi Beach, mguu wa kulia ukapona ukiwa mfupi, na wiki ya sita ukapanda ngazi tena. Hayo sijayasahau. Nilianza na cherehani moja ya kukodi pale Mwenge, leo ninazo sita na ninashona mapazia ya watu wanaoniita bosi, lakini kila mwenye kuniuliza nilianzaje, nakutaja wewe.

Ndiyo maana kiwanja nilikuachia unitafutie. Ulipima kutoka katikati ya barabara kwa hatua, kama ulivyopima kuta zote maishani mwako. "Hatua arobaini ni mita arobaini, mdogo wangu. Barabara inenepe itakavyonenepa, haikufikii." Mie ninayepima pazia mara tatu kabla sijatia mkasi, nilizipokea hatua zako bila kushika futi kamba. Hilo kosa ni langu. Juzi nimepima: mita ishirini na sita. Hatua yako, tangu uanguke, ni sentimita sitini na tano. Zidisha mwenyewe.

Sasa ile Jumapili. Nilikuta umepaka miraba miwili sebuleni, mmoja krimu, mwingine nyeupe yenye ubaridi, ile inayovuta ubuluu ukiitazama kwa pembeni. Sebule inatazama magharibi, jua la saa kumi linaingia lote, na mapazia nilikwishayashona, rangi ya majivu. Nikasema naitaka ya ubaridi.

"Bosi wa mapazia, unataka nyumba au unataka wodi?"

"Na hiyo yako, kaka, ni uji uliomwagika."

"Uji unashibisha!"

Tukacheka. Kisha uso wako ukabadilika, ukasema polepole: "Ndani paka unachotaka. Ukuta wa barabarani niachie mimi, nimeshaupiga krimu. Nyeupe ya baridi inasema kila kilicho chini yake. Rangi ya joto inasamehe."

Nilidhani unazungumzia vumbi.

Nilitoka nje kuutazama. Rangi ilikuwa bado mbichi, na ndoo ya lita ishirini ilikuwa imelazwa tupu. Ukuta ule ni mita tisa kwa tatu, ishirini na saba za mraba. Lita moja inapaka mita kumi. Mikono miwili ya rangi, yaani kuupaka mara mbili, ingekula lita tano na ushee. Nikakuuliza ndoo nzima imekwenda wapi. "Ukuta mpya unakunywa," ulinijibu, ukiendelea kuosha brashi ambayo ilikuwa imeshatakata. Nilipiga hesabu njiani nikirudi Mwenge: mikono saba. Hakuna fundi anayepiga mikono saba kwa ajili ya vumbi. Nililijua hilo nikalala nalo, kama nilivyonyamaza kwenye chokaa ya mama.

Masika ikaja. Mvua ya siku tatu mfululizo, na asubuhi ya nne nikakuta mistari miwili imetokeza kwenye krimu yako, inakatana chini ya dirisha, rangi ya chai ya rangi iliyokolea. Nikadhani ni ufa. Nikapitisha kidole: ukuta laini, hakuna ufa. Mvua ya pili mistari ikarefuka. Ya tatu ikafika kwenye kona. Wapita njia wakaanza kupunguza mwendo mbele ya nyumba yangu, kama watu wanaopita kwenye msiba.

Mama Zawadi, jirani yangu wa nyuma, alikuja amejifunga kanga mbili. "Pole, Mama Mapazia. Mie nilidhani mmeshaelewana na wakubwa."

"Tumeelewana na nani?"

"Si hiyo X? Watu wa barabara walipita jioni giza likiingia, na makopo mawili ya rangi, wakaanza na nyumba yako. Sie huku wakatumalizia kesho yake. Asubuhi nilipotoka, kaka yako kashasugua na msasa, vumbi tupu. Nikasema, ehee, huyu ana mtu wake huko."

Makopo mawili, kaka. Unajua kama ninavyojua. X nyekundu maana yake umejenga ndani ya hifadhi ya barabara, unabomoa na hupewi kitu. X ya kijani maana yake barabara ndiyo iliyokufuata, unalipwa fidia uondoke. Mama Zawadi, nyuma yangu, amewekewa kijani. Mzee Komba, mbele yangu, amewekewa nyekundu, na bati lake ameshalishusha. Kuta zimebaki zimekaa wazi. Alama zao nilikuwa naziona; kwa kuwa kwangu haikuwepo, nikajiambia nimesalimika. Mstari unapita kati yao wawili, na kati yao wawili nipo mimi.

Yangu si nyekundu wala si kijani. Nimekwangua mstari mmoja wa ile X kwa kisu, ukatoka unga wa kahawia. Msasa wako na hiyo rangi yako ya joto vimefanya kazi. Ungeniachia nyeupe ya baridi niliyoichagua, leo ningeona wekundu au ningeona ukijani, nikajua pa kusimama.

Mjumbe wetu wa mtaa amenieleza bila kuzunguka: Jumamosi watu wa barabara wanakuja kuhakiki. Ukuta uliofutwa alama wanauhesabu nyekundu, isipokuwa apatikane aliyeiona alama asimame hapo, aseme, aweke sahihi. Ukiwatoa wao wenyewe, aliyeiona ni mmoja.

Nimekaa sebuleni nikijaribu kukuelewa. Labda uliona aibu ya zile hatua arobaini. Labda ulitaka nikae mwaka mmoja kwenye nyumba yangu kabla ya kuambiwa. Mchana nakuhurumia. Jua la saa kumi likiingia, lile tulilogombania rangi kwa ajili yake, nazitazama kuta zangu nyeupe na huruma inaisha. Mapazia bado yamekunjwa mezani. Sijui niyatundike, au niyafungie mizigo.

Kwa hiyo sikuulizi kwa nini. Hilo utanijibu siku nyingine, kama tutakuwa na siku nyingine. Nakuuliza kitu kimoja, na jibu lake ni neno moja. Kama ni kijani, njoo uweke sahihi. Kama ni nyekundu, niambie, nishushe bati na madirisha kwa mikono yangu kabla hawajafika. Ukinyamaza, nitajua vilevile, na nitajua ulijua.

Ilikuwa nyekundu au kijani, kaka? Nataka jibu Ijumaa, kabla ya adhana ya adhuhuri.

Mdogo wako uliyemsomesha kwa brashi,
Mwajuma