Ana Sabini na Moja

Alhamisi, 28 Mei
Treni ya asubuhi kutoka Weston, hapa Toronto. Nimesimama, simu mkononi. Mama yetu yuko hamsini na nne. Jana alikuwa hamsini na mbili. Namwita mama yetu kana kwamba ananijua. Anagombea ukamishna wa bima huko Marekani, jimbo analokaa dada Rhoda, na mchujo wa chama umeingia duru ya pili. Rhoda ni raia, atapiga kura. Mimi kazi yangu ni kuchungulia ile tovuti ambapo watu huweka pesa kubashiri nani atashinda, na kila mgombea hupewa namba ya uwezekano wake kwa mia. Ujinga mtupu. Nimechungulia mara tisa kabla ya kufika kazini.

Jumapili, 31 Mei
Imenyesha tena kwa Rhoda. Paa liling'olewa na upepo mwaka jana, juu kuna turubai tu. Kampuni ya bima ikasema eti paa lilikuwa bovu tangu zamani. Wakamkatalia. Kamishna aliyepo hajajibu malalamiko yake hata moja. Mama yetu ameahidi kufungua upya faili zote zilizokataliwa. Basi ndiyo hivyo, nyumba ya dada yangu inangoja uchaguzi ambao hata majirani zake hawaujui. Leo kanisani nimeombea bima. Sijawahi.

Jumatano, 3 Juni
Sitini na mbili. Binti yangu Wanja ameniona nikitabasamia simu, akadhani nimepata mchumba. Nikamweleza. Akanijibu kwa Kiingereza, kama kawaida yake, kwamba hao ni wacheza kamari tu na wanaweza kukosea. Najua. Lakini sitini na mbili ni sitini na mbili.

Jumatatu, 8 Juni
Sabini na moja. Nimeshindwa kujizuia. Nikamrekodia Rhoda ujumbe wa sauti: dada, mama yetu ana sabini na moja kwa mia, yule mwingine ana ishirini na tisa, tumemaliza kazi. Akajibu kwa kucheka na kumshukuru Mungu. Sijamsikia akicheka hivyo tangu upepo ule.

Jumanne, 9 Juni
Siku yenyewe. Saa tisa alasiri nikampigia kuuliza foleni ilikuwaje. Kumbe yuko kazini, chumba cha kufulia cha hoteli. Alikuwa ameomba ruhusa ya kutoka mapema, akaifuta. "Si ulisema ana sabini na moja?"

Alidhani ni kura. Huko wanaruhusiwa kupiga kabla ya siku yenyewe, akadhani zimeshahesabiwa na mimi nimeziona. Akawatangazia akina mama wenzake wa kanisa, wale wanaoishi chini ya turubai kama yeye. Wako wanane pamoja naye. Hakuna aliyeenda.

Ana. Ningesema wanambashiria. Ningesema huenda. Nilisema ana.

Nikamwambia aende sasa hivi, na awapigie wote. Msimamizi akakataa, zamu ilikuwa imeshapangwa upya. Vituo vinafungwa saa moja jioni, yeye anatoka saa mbili. Wawili tu ndio waliowahi. Mimi niko Toronto, nitafanya nini. Nimejifungia choo cha ofisini nikalia.

Jumatano, 10 Juni
Ameshindwa. Jana jioni ile namba ilianguka huku naiangalia. Arobaini. Kumi na mbili. Mbili. Najichukia. Sijala.

Jumapili, 14 Juni
Rhoda amepiga baada ya ibada. Mwezi ujao anahamia kwa mwanawe, nyumba anaiacha. Amesema hivyo kama mtu anayesema amebadilisha mapazia. Halafu akanibembeleza, mimi, eti kura sita zisingebadilisha kitu. Nikamwambia ni kweli, dada, zisingebadilisha.

Matokeo kamili yalitoka Ijumaa. Wanja alinifungulia ukurasa, tofauti ya kura imeandikwa pale juu kabisa. Niliufunga bila kusoma.