Gari la Buluu la Salumu

Jumamosi, 3 Juni

Nafumua siti ya dereva tangu asubuhi. Uzi wa kiwandani umeoza, ukiuvuta unakatika. Sponji imekuwa unga. Ndani nimekuta pini ya nywele ya mwanamke nisiyemjua. Nimeitupa.

Salumu yuko chini ya gari na grainda yake. Kelele, cheche, harufu ya chuma. Majirani wa mtaa wetu wa Mtanda wameshaacha kulalamika.

Mwaka wa pili huu gari hili limekaa uani kwetu. La michezo, milango miwili, limelala chini chini kama papa. La zamani. Lilikuwa la mhandisi mmoja marehemu, watoto wake wakaona ni chuma chakavu. Mume wangu Salumu anaendesha lori la bosi wake, Lindi na Dar, Dar na Lindi. Akirudi badala ya kupumzika anajilaza chini ya hili. Anasema ndilo gari pekee atakaloendesha bila kuagizwa na mtu. Likipona atalipeleka kijijini kwao Tingi, mama yake alione.

Mimi ni fundi cherehani. Madera, sare za shule. Siti hizi hakuna aliyeniomba nizishone. Nilichoka kukaa ndani peke yangu. Binti yetu ameolewa Tunduru, nyumba imekuwa kubwa.

Gundi imeniumiza kichwa.

Jumanne, 6 Juni

Nilimwagiza uzi mweusi. Ameleta wa kahawia. Nikamwonyesha, akasema mwenye duka kamdanganya. Kisha akapiga kikombe cha chai kwa kiwiko, kikombe kilichokuwa pale pale pembeni yake. Chai yote kwenye kitambaa kipya.

Nimekasirika. Nimefua kitambaa.

Jumapili, 18 Juni

Amejikwaa kwenye jeki. Saa sita mchana, jua kali, jeki nyekundu. Ameanguka vibaya, goti limechubuka. Akaitukana jeki kwa Kimatumbi. Akikasirika hurudi kwenye lugha ya kwao.

Chande alikuwepo. Ni rafiki yake wa tangu ujana, fundi wa bodi, ndiye anayenyoosha mabati ya gari hili. Salumu alipoingia kuosha goti, Chande akaniita upande wa kushoto wa gari.

"Shemeji, jana aliniambia huku amemaliza kutoa kutu. Tazama."

Tundu la kutu, ngumi inapita. Kulizunguka amesafisha vizuri kabisa. Tundu lenyewe hakuligusa.

 

Alhamisi, 29 Juni

Idi. Nyumba ilijaa. Pilau, watoto, kanga mpya. Mzee mmoja wa msikitini alimnyooshea Salumu mkono, naye akabaki anatazama mbele. Mkono umening'inia hewani. Watu wakaona kiburi. Nikaingilia kwa kumwita mgeni aje ale.

Jioni nikamuuliza. Akasema ni vumbi la kupiga msasa, linamuwasha macho. Nikamwambia aende hospitali. Akasema baada ya rangi.

Kesho anapeleka lori Dar. Lori lenye tela. Barabara ile ina watu wanaotembea pembeni tangu Lindi mpaka Mkuranga.

Naogopa. Sina neno jingine.

Ijumaa, 14 Julai

Hatimaye tumekwenda hospitali. Presha ya macho. Jicho la kushoto limeshaondoka karibu lote. La kulia linaona katikati tu, kama mtu anayechungulia kwenye bomba. Daktari, dada mdogo mwenye sauti ya upole, alisema kilichopotea hakirudi. Dawa ya matone ni ya kulinda kilichobaki. Kila siku, maisha yote.

Akamuuliza kazi yake.

Salumu akasema, "Mkulima."

Nilikuwa nimekaa kiti cha pili. Daktari akaandika. Nikatazama sakafu.

 Njiani kurudi nilimshika mkono kuvuka barabara, akautoa.

Jumatatu, 17 Julai

Tumegombana asubuhi nzima. Nilisema mambo ambayo mke hapaswi kumwambia mume. Nilisema utaua watu. Nilisema nitakwenda kwa bosi mwenyewe. Akatoka bila kunywa chai. Nikajua amekwenda kupakia.

Adhuhuri kageti kakafunguka. Ameingia amebeba blanketi lake, birika, na lile jiko dogo analopikia njiani. Vitu vyake vyote vya kwenye lori. Akaviweka chini kimoja kimoja.

"Nimewaambia naumwa mgongo."

Basi.  Akaenda akafungua boneti ya gari lake, akasimama kichwa ndani, mikono haifanyi kitu.

Niliomba arudishe lori. Amelirudisha. Mbona moyo wangu unauma hivi.

Jumatano, 26 Julai

Siku nzima wako kwenye injini, yeye na Chande. Kazi ya injini anaifanya vizuri, mikono inajua. Ilipowaka alicheka kwa sauti. Sikumbuki mara ya mwisho kumsikia akicheka hivyo. Nilitoka jikoni na unga mikononi kumtazama.

Nimemaliza siti zote. Nyeusi, mshono wa buluu, pembeni nimepindisha mara mbili. Hata ningekuwa nashonea waziri nisingeshona vizuri zaidi.

Matone nampa mimi. Asubuhi na usiku. Anafumba macho kama mtoto.

Jumamosi, 5 Agosti

Rangi. Chande alileta kompresa, wakazungusha turubai kuzuia vumbi. Buluu nzito, ile inayokaribia nyeusi mpaka jua liiguse. Salumu ndiye aliyeichagua mwaka jana, alipokuwa anaziona rangi.

Ilipokauka akalizunguka gari taratibu, uso karibu kabisa na bati. Kipande baada ya kipande. Mlango. Boneti. Fenda. Alitumia muda mrefu. Nadhani alikuwa analikusanya kichwani, maana lote kwa pamoja halionekani tena kwake.

Ni zuri. Nililichukia gari hili na ni zuri. Watoto wa mtaa mzima wamekuja kujitazama kwenye mlango.

Ufunguo anao mfukoni. Nimeuona.

Jumapili, 6 Agosti

Nilikuwa msibani nyumba ya nne. Niliposikia mlio wa lile bomba la moshi nilijua. Nilitoka mbio bila viatu. Nimekuta uani patupu na alama ya mafuta.

Alikwenda upande wa Mitwero. Amemgonga Mzee Mkwanda, mkulima wa korosho wa huku kwetu.

Mzee alikuwa pembeni na baiskeli yake, amefunga mzigo wa mihogo nyuma. Upande wa kushoto. Upande ambao Salumu hana jicho. Mguu umevunjika juu ya goti. Baiskeli imekunjamana.

Na Salumu hakusimama. Aliendelea mpaka vijana wa bodaboda walipomzuia mbele. Walitaka kumpiga. Akawauliza kuna nini. Alidhani amepiga tawi.

Chande amemtoa polisi usiku. Leseni imebaki huko. Amekaa ukingoni mwa kitanda na nguo zake zote, ananiuliza tena na tena:

"Ni tawi, Zuhura? Si nilisikia tawi?"

Ni mtu, nikamwambia. Ni mtu.

Alhamisi, 24 Agosti

Kila siku napeleka uji wodini, na samaki kama wamepatikana. Mke wa Mzee Mkwanda, Bi Somoe, anapokea bakuli bila kunitazama. Leo alinitazama.

"Mumeo haoni?"

"Haoni," nikasema. Mara ya kwanza neno hilo linatoka mdomoni mwangu mbele ya mtu.

"Mlijua?"

"Tulijua."

"Sasa mbona mlimwachia?"

 Alinirudishia bakuli likiwa limejaa.

Salumu nilimpeleka Ijumaa iliyopita. Alisimama miguuni mwa kitanda akasema shikamoo. Mzee akageukia ukutani. Salumu akasema tena. Wagonjwa wengine wote walikuwa wanasikiliza. Shikamoo ya mtu mzima, imeachwa sakafuni. Nikamshika mkono tukatoka. Safari hii hakuutoa.

Jumanne, 19 Septemba

Haendi uani, ambako gari limefunikwa turubai tangu polisi waliachie. Hasikilizi redio. Mama yake alipiga simu kutoka Tingi kuuliza gari linakuja lini, akamwambia limeharibika, akakata. Safari ile haitajwi tena humu ndani.

Matone anayakataa. Anasema ya kazi gani. Jana nilimshika kichwa kwa nguvu, nikamtia, akalia. Yaliyomtiririka sijui ni dawa au ni machozi. Nikaenda kulia chooni na mimi.

Leo amekuja kijana kutoka Masasi. Amesikia kuna gari. Salumu akamjibu kutoka ndani, "Mwambie alichukue." Nikafunua turubai. Kijana akaona fenda ya kushoto iliyobonyea, akasema hiyo si kitu. Akaketi, akapapasa siti, akauliza fundi gani kashona hizi.

Nikamwambia haliuzwi.

Akaniuliza kwa nini basi nimemfunulia. Alikuwa ameketi vizuri tu, hana kosa. Sikutaka tu kumwona pale. Nina hasira na Salumu, nina hasira na gari, na nimeshindwa kumtoa yeyote kati yao nyumbani.

Ijumaa, 22 Septemba

Nimemwomba Chande anifundishe kuendesha. Kwa pikapu yake. Alicheka. Kisha akaona sicheki.

Jumapili, 22 Oktoba

Nimerudi sokoni nimemkuta Salumu ameketi chini mbele ya fenda iliyobonyea. Chande alishaigonga ikanyooka wiki iliyopita, akapaka puti ya kusawazisha. Salumu anapiga msasa. Kipande cha karatasi, maji, karatasi. Anasimama, anapitisha kiganja chote kuanzia taa mpaka mlangoni, anatikisa kichwa, anarudia pale pale. Mahali ambapo mimi sioni kitu.

Alinisikia nimesimama.

"Usiniambie limekaaje," akasema.

Sikumwambia. Nimechemsha ming'oko, vile viazi vya porini, nikamwekea karibu na mguu, nikagonga sahani chini kidogo ajue ilipo.

Mzee Mkwanda yuko nyumbani kwake sasa, anatembea na magongo. Hatapanda baiskeli tena, na shamba lake la korosho msimu huu linaokotwa na wengine. Kila Ijumaa baada ya swala namwongoza Salumu mpaka barazani kwake. Anasema shikamoo, anakaa kidogo, tunaondoka. Wiki nenda wiki rudi bila jibu. Juzi mzee alisema marahaba. Hiyo tu. Hakutukaribisha ndani, na Bi Somoe hakutoka.

Salumu njia nzima ya kurudi alikuwa anafuta uso.

Jumatano, 1 Novemba

Jicho la kulia limepungua tena. Daktari ni yule yule dada. Safari hii nilisema mimi. Alikuwa dereva, nikasema. Akatazama karatasi zake, kisha akatutazama sisi. Hakutugombeza. Afadhali angetugombeza.

Ameandika dawa nyingine. Amesema tujiandae. Tunajiandaaje, sikuuliza.

Jumamosi, 11 Novemba

Leseni ya mwanafunzi nimepata. Pikapu ya Chande nimeiumiza gia vya kutosha. Leo asubuhi, kabla barabara haijapata watu, nimeliwasha gari la buluu.

Salumu kakaa kushoto. Chande kajikunja nyuma magoti kidevuni, kwa sababu sheria inataka mwenye leseni awemo. Hakunikosoa safari nzima. Namshukuru kwa hilo.

Nilizima injini mara mbili getini. Usukani mzito, klachi ngumu. Boneti ndefu, sijui mbele inaishia wapi.  Tukatoka.

Salumu alikuwa ameinamisha kichwa, anasikiliza.

"Tatu," akasema.

Nikaweka gia ya tatu. Gari likatulia.

"Nne. Sasa hivi."

Nikaweka nne.

Pale Mzee Mkwanda alipoangukia nilipunguza mwendo mpaka nikawa kama natembea.  Mikono ya Salumu ilikuwa magotini, imefumbatwa.

Mbele kidogo akauliza barabara ikoje. Nikamwambia tupu, nyasi kavu huku na huku, mama mmoja mbali amebeba kuni. Akasema nimwache mama apite kwanza, tukasimama, tukamsubiri mpaka akapita. Alituamkia. Tukaitika wote watatu.

Nikageuza, tukarudi. Hatukufika popote.

Chande ameenda kazini kwake. Salumu hajashuka. Amekaa ndani ya gari, mlango wazi, mguu mmoja nje. Injini inapoa, inatoa vile vilio vidogo vya bati. Nilimuuliza kama anataka kuingia ndani, akasema bado.

Nimeinjika maji ya chai. Nitamsubiri.