Mama, Mbwa Wako Alikuwa Akingoja Neno

Mama yangu mpendwa,

Uani kwako leo pamejaa. Wengine wako kwenye mikeka, wengine kwenye viti tulivyoazima kanisani, na ukoo umeniomba mimi, mtoto wako wa kwanza, niseme maneno ya mwisho kabla ya kumaliza kilio. Kazi yangu ni kufundisha. Kusimama mbele ya watu hakunitishi. Lakini kila nilipoanza kutunga hotuba juu yako, nilijikuta nazungumza na wewe. Basi nimekuandikia barua. Nitaisoma kwa sauti ili nao wasikie, hasa Mjomba, mdogo wako, aliyeketi karibu na mlango akiwa na kamba mapajani.

Kamba hiyo ni ya Tutaona. Mbwa wako amelala nyuma ya jiko tangu siku ya maziko, na tangu siku hiyo Mjomba hajabadili maneno: "Imbwa inaona mutu anaanguka, inalala pembeni yake, inanyamaza mpaka anakufa? Ile haiko imbwa. Mikeka haitakunjwa kama ingali humu." Wengi wamekubaliana naye, nami sishangai. Shamba la jirani liko ng'ambo tu ya kijito, mkabala na shamba lako ulikoanguka. Watu walikuwa huko tangu asubuhi wakivuna karanga. Tutaona angebweka, wangesikia na kuja. Muuguzi alisema ni presha, na kwamba kama ungefikishwa mapema kwenye kituo cha afya, pengine. Hakumaliza sentensi. Nami tangu hapo nalala na hilo "pengine" na kuamka nalo.

Kwa hiyo nataka tukumbuke pamoja, mama, wewe na mimi, kwa nini mbwa huyu habweki.

Zamani alibweka kuliko mbwa wote wa hapa Wamaza. Ulimleta kutoka soko la Nyangwe ndani ya kikapu kilichokuwa kimebeba samaki, akiwa mdogo kama kiatu, na majirani wakakupokea kwa maneno: "Watoto wanakosa mboga, weye unaleta imbwa?" Ukajibu, "Tutaona," na jina likabaki hilo. Alibwekea kuku, akabwekea mvua, akabwekea pikipiki ya padri mpaka padri akawa anazima injini mbali na kwetu. Tulicheka. Kisha ukaja ule mwaka ambao watu wenye silaha walianza kupita, na sisi tukaanza kulala porini, na hakuna aliyecheka tena.

Familia zilizojificha bondeni pamoja nasi hazikutaka mbwa. Mjomba alikwambia mbele yangu, panga likiwa mkononi, kwa sauti ya upole kwa sababu alikupenda: "Yaya, dada yangu, ile imbwa itatuua. Kama hauwezi, miye nitaifanya." Mwingine alisema tumfunge mdomo. Mwingine alisema apigwe mpaka aogope. Uliwasikiliza wote, halafu ukasema, "Ukiipiga italia. Kulia nako si ni sauti?" Ukaomba wakupe nafasi ya kumfundisha.

Nakumbuka namna ulivyofanya, kwa maana ulinipa kazi ya kugonga sufuria. Mimi niligonga, Tutaona akabweka, na wewe ukakaa kimya ukimtazama. Hukumkemea. Ulingoja tu. Kila mbwa anayebweka hufika mahali akavuta pumzi, na katika pumzi hiyo, kabla hajaanza tena, ulimtilia mdomoni kipande cha ndakala, wale dagaa wakavu wanaotoka Tanganyika, na kumwambia, "Aksanti, mama," kama tunavyomwambia mtoto wa kike. Ndakala ulizifunga katika fundo la kitenge chako, kiunoni. Siku zilipopita, pumzi ile ikarefuka. Ukaongeza mkono: kiganja kikilazwa chini, alale na anyamaze. Ukaongeza subira: hata samaki akiwekwa mbele ya pua yake, asiguse mpaka asikie neno lile. Alijifunza kwamba kimya chake ni kitu unachokihitaji, na kwamba ukishakipata utamshukuru.

Wanawake walikutania kijitoni: "Tangu lini imbwa inapewa aksanti? Bwana yako alipewa hata moja?" Nawe ukawajibu huku unafua, "Yeye hakunyamaza hata siku moja." Hata marehemu baba angecheka. Nami nilipozidi kuropoka kuhusu mbwa wetu mwenye akili, ulinigeukia: "Weye nawe, siku utanyamaza, nitakupa ndakala mbili."

Kisha wakapita kweli. Ilikuwa mchana. Walishuka kwenye kile kijia kilicho juu ya bonde, wakiburuta mbuzi za watu, na tuliweza kusikia wanavyogombana kuhusu njia. Akina mama walikuwa wamewawekea watoto ziwa mdomoni. Mjomba alikuwa amechuchumaa nyuma yako na panga lake, na sote tulijua la nini. Manyoya ya mgongo wa Tutaona yalisimama. Ukalaza kiganja chako juu ya majani makavu. Akalala, akatia kidevu chake juu ya mkono wako, akatetemeka mwili mzima, na hakutoa sauti. Walipokwisha kupotea, ulifungua fundo. "Aksanti, mama. Aksanti sana." Ndipo Mjomba akaweka panga chini, akanyoosha mkono kwako kama mtoto: "Nipe na miye moja, niipe."

Mjomba, najua unanisikia. Tuko wengi hapa ambao tunaishi kwa sababu ya kimya kile.

Tuliporudi nyumbani, hakubweka tena. Wezi wa kuku walimjua. Wewe ulisema, "Muache, alikwisha fanya kazi yake," na ukaendelea kumpa ndakala kila jioni, kwa neno lile lile, ingawa hapakuwa na mtu wa kujificha naye.

Sasa nifike shambani, nami nakuomba univumilie, maana hapa nasoma polepole. Mwanamke aliyekukuta wa kwanza, alipokuja kunieleza, alipiga magoti hapa uani na kunionyesha ulivyokuwa umelala. Alilaza shavu upande. Kisha akanyoosha mkono wa kulia na kulaza kiganja chini, vidole wazi, juu ya udongo. Yeye alikuwa ananieleza tu alichokiona. Hakujua alichonionyesha. Akasema mbwa alikuwa amelala mbele ya mkono huo, kidevu juu yake, anatetemeka. Akasema fundo la kitenge lilikuwa limefunguka ulipoanguka, na ndakala zimemwagika karibu kabisa na pua yake, na hakuna hata moja iliyoliwa.

Mama, alikuona umeanguka chini, akaona kiganja. Kwake hapakuwa na maana nyingine duniani. Alifikiri wanapita tena. Alikulinda kwa njia pekee uliyomfundisha, jua likapanda na likaanza kushuka, naye akingoja useme neno. Watu walipokuja hawakulisema. Walimvuta kwa kamba.

Sitadai kwamba hilo linapunguza uchungu. Kilichotuokoa bondeni ndicho kilichokuacha peke yako shambani, na siwezi kuvigawanya vitu hivyo viwili nikachukua kimoja. Nilipoanza kazi ya ualimu nilichukua kwako mwenendo wangu wote: kungoja pumzi ya mtoto msumbufu, na kumshukuru ndani yake. Leo nimeanza kuogopa kidogo nguvu ya jambo hilo. Anayefundishwa kwa upendo hatii kwa sababu ya woga ambao siku moja utaisha. Ataendelea hata mwalimu asipokuwapo tena.

Nimefunga ndakala katika kitenge chako, mama. Nikimaliza kusoma nitakwenda nyuma ya jiko. Ukoo ukinikubalia, nitaondoka naye kwenda Kasongo ninakofundisha, na huko nitampa samaki kila atakapothubutu kutoa sauti, hata kama ni kumbwekea padri.

Naongeza mistari hii baada ya wageni kuondoka. Nilikuwa nimekwisha chuchumaa nyuma ya jiko niliposikia nyayo, na sauti ya Mjomba: "Nipe na miye moja." Kamba alikuwa ameiacha kwenye kiti. Aliweka ndakala chini mbele ya Tutaona, akafungua mdomo, na neno likamkwama. Tutaona alimtazama usoni. Hakugusa samaki. Alingoja, kama alivyongoja kwako, mpaka nikasema mimi, kwa sauti yako kadiri nilivyoweza: "Aksanti, mama."

Akala.

Mjomba akaketi pale pale kwenye majivu, akashika udongo kwa mikono miwili, akalia kama ambavyo hakulia kwenye maziko. Na Tutaona, alipoona mtu yuko chini na viganja vyake viko juu ya ardhi, alisogea, akatia kidevu juu ya mkono wake, akanyamaza.

Mikeka tumeikunja, mama. Wamekwisha kupita. Sasa unaweza kulala. Aksanti.

Ni mimi, binti yako wa kwanza,
mgonga sufuria