Gari Tulilolisomea Dua

Handeni, Jumatano, Machi 1975. Mvua tangu alfajiri, sasa yamebaki manyunyu.

Daftari langu, niwie radhi. Nimekaa muda mrefu bila kukufungua. Mara ya mwisho niliandika kwamba tumenunua gari, nikapiga mstari chini ya neno lenyewe kwa furaha, kisha nikanyamaza. Si kwamba sikuwa na la kuandika. Nilikuwa nangoja jambo lipate mwisho mzuri ndipo nilieleze. Halijapata.

Leo Asha kasinzia mgongoni, nimemlaza juu ya kanga, na dada yake Zuhura anachezea udongo wa kukandikia nyumba. Mikono yangu imejaa udongo huohuo mpaka kwenye viwiko. Ukurasa ukichafuka, nisamehe na hilo.

Gari lilikuwa la meneja mmoja wa Kizungu wa mashamba ya mkonge upande wa Mazinde. Alipoondoka nchini likauzwa, likauzwa tena, mpaka likafika kwa Bwana Sefu, muuza magari yaliyotumika pale Korogwe, jirani na stesheni ya reli. Jeusi, refu, viti vya ngozi nyekundu, na mbele ya dereva ubao uliong'arishwa kama meza ya bwana shauri wa enzi za ukoloni. Hata milango yake ilijifunga kwa sauti ndogo, ya adabu, si kama milango ya malori.

Mume wangu, Baba Zuhura, alianzia utingo kabla ya kuwa dereva. Maisha yake yote ameendesha magari ya watu. Siku alipoliona lile alirudi nyumbani asile. Akamweleza mama yake kwamba litakuwa teksi ya harusi na ya wagonjwa, Handeni mpaka Korogwe, na kwamba hakuna bibi harusi wa huku atakayekubali tena kupakiwa kwenye lori pamoja na magunia ya mahindi.

Mkwe wangu, mimi humwita Mama, alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha akatoa ng'ombe wake wote wakauzwe. Aliomba jambo moja tu: chombo kipya kisiguse kazi kabla ya kusomewa dua. Ndivyo alivyolelewa, na mumewe marehemu hata jembe jipya hakulitia ardhini hivihivi.

Hapo ndipo tulipoponzwa. Sisemi kwa kuidharau dua. Nasema ilivyokuwa.

Bwana Sefu alitujaribishia gari mjini, palipo tambarare, kutoka stesheni mpaka sokoni na kurudi. Liliteleza kama linapita juu ya samli. Akasema likitusumbua kabla ya Ijumaa ya pili tulirudishe tu, tutaelewana, sisi ni Waislamu wenzake. Dereva wake mwenyewe ndiye aliyelileta mpaka huku, tukaona tumeheshimiwa. Sasa najua kwa nini hakutaka mume wangu ashike usukani kwenye milima.

Shehe wetu alikuwa amesafiri kwenda msibani. Tukamngoja. Gari likakaa mbele ya kibanda chetu, limefunikwa kanga za Mama, halijapanda hata kilima kimoja. Ijumaa ya kwanza ikapita. Ya pili ikapita. Shehe akarudi, dua ikasomwa, mbuzi akachinjwa, kijiji kizima kikala wali. Hata balozi wa nyumba kumi, yeye aliyeuliza mkutanoni mkulima wa kijiji cha ujamaa anataka nini na gari la mabepari, alikuja akala, kisha akaomba akae ndani kidogo asikie kiti kilivyo.

Nakiri, nililipenda.

Siku zile za kumngoja shehe, jua likiwa kali, nilifungua milango yote nikamlaza Asha kwenye kiti cha nyuma. Mtoto huyu hajui usingizi. Tangu azaliwe sijalala nikashiba. Lakini pale alilala, na mimi nikajikunja pembeni yake, pua yangu kwenye ile ngozi inayonuka tumbaku ya mtu nisiyemjua. Niliwaza kwamba labda sasa tutapumzika.

Kazi ya kwanza ilikuwa kumpeleka bibi harusi wa hapa kijijini, anaolewa Kwamndolwa, karibu kabisa na Korogwe. Nilikuwemo, nimembeba Asha, bibi harusi kafunikwa katikati yangu na somo wake, kungwi aliyemfunda. Kilima cha kwanza gari likaanza kulia. Si injini. Ni chini, kama mtu anayesaga mawe. Baba Zuhura hakugeuka kututazama, lakini niliona shingo yake imelowa. Kilima cha pili gia zikagoma kuingia. Tukaenda kwa gia moja, taratibu kama mgonjwa, mpaka Kwamndolwa ikaanza kuonekana, na pale likasimama.

Bibi harusi akashuka. Somo wake akamfunika vizuri, wanawake wa lori lililotufuata wakaanza kuimba kwa nguvu ili wenyeji wadhani ndivyo ilivyopangwa. Tukaingia kwa bwana harusi kwa miguu, vumbi jekundu mpaka magotini, na nyuma yetu wanaume wanalisukuma gari jeusi lililopambwa maua.

Shangazi wa bwana harusi alituangalia, akaliangalia gari, akasema, "Kumbe anayeolewa ni gari. Bibi harusi amelisindikiza tu."

Watu walicheka mpaka wakashika mbavu. Bibi harusi mwenyewe nilimsikia anacheka ndani ya kanga. Mimi pia nilitaka kucheka. Nikamtazama mume wangu, nikaacha.

Fundi alikuja kutoka Korogwe, akafungua giaboksi, akachota kwa kiganja unga wa mbao uliolowa mafuta. Ulitiwa humo ili meno yaliyolika yasipige kelele siku ya kujaribu. Kwenye duka la vipuri mzee mmoja wa Kihindi alimpa mume wangu kiti na chai kwanza, ndipo akamwambia kwamba vifaa vya gari hilo haviingii tena nchini, mtu asije akamdanganya.

Basi akaenda kwa Bwana Sefu. Alinisimulia mwenyewe, na aliponisimulia alikuwa anaangalia chini. Alimkuta amekaa barazani kwake na watu wake. Akamweleza habari ya unga wa mbao. Bwana Sefu hakukasirika hata kidogo. Alisema, "Ndugu yangu, gari limesomewa dua, watu wamekula mbuzi wakashiba, leo unanirudishia? Na mbuzi utanirudishiaje?"

Wale watu wakacheka. Mume wangu akatoka.

Nilimuuliza kwa nini hakubishana, kwa nini hakuwauliza wale watu kama dua inahalalisha hila. Akasema angebishanaje? Akilirudisha, watasema huku nyumbani kwamba dua ya mama yake ilikataliwa. Afadhali aonekane mjinga yeye.

Tangu siku ile gari liko palepale Kwamndolwa, uani kwa wakwe wa yule bibi harusi, na yeye yuko nalo. Hulala humo ndani. Mchana huenda Korogwe kubeba mizigo stesheni na kuulizia giaboksi ambayo kila mtu amemwambia haipo.

Na huku masika yamefika.

Kijiji ni kipya, kila nyumba ilitakiwa iwe imekamilika kabla ya mvua. Yetu ina nguzo, ina fito, na nyasi upande mmoja wa paa. Kukandika nakandika mwenyewe. Kuezeka siwezi na mtoto mgongoni, na jirani zangu wana mapaa yao. Mlango hatuna, tumening'iniza gunia. Mama analala kwenye jamvi juu ya udongo mbichi. Kifua kimembana tangu wiki iliyopita, na kila akikohoa huniambia ni moshi. Leo sikuwasha moto kabisa, kuni zimelowa. Amekohoa vilevile.

Kisimani wananiita Mama Gari. "Mama Gari, leo tubebee ndoo." Huwajibu kwamba gari limekwenda kutafuta mume. Tunacheka, tunapokezana kamba. Hawana ubaya. Wawili kati yao walikuja jana kunisaidia kukanyaga udongo.

Juzi nilipanda basi na Asha nikaenda kumwona. Nilimkuta anapangusa vioo. Amekonda, lakini gari linang'aa. Alimchukua mwanawe, akamlaza kwenye kile kiti cha nyuma, na mtoto huyu msumbufu akalala papo hapo. Baba Zuhura akatabasamu kama vile hiyo nayo ni hesabu ya faida.

Nikamwambia mvua imeanza. Nikamwambia habari ya kifua cha Mama. Akarudia kupangusa kioo, akasema, "Nikiliacha hapa watalinyonyoa kama kuku."

Nilirudi na basi la jioni, nimekasirika na ninamwonea huruma, vyote pamoja.

Jana nilimweleza Mama ukweli wote, ambao mume wangu alikuwa amenikataza. Unga wa mbao, Bwana Sefu, mbuzi, yote. Nilidhani atalia. Alikaa anafumua ukingo wa kanga yake. Kisha akasema, kwa Kizigua, mimi naweka kwa Kiswahili: "Mwambie wale ng'ombe walikuwa wangu. Na mimi sijauliza wamekwenda wapi."

Akajilaza. Baadaye kidogo, bila kunigeukia, akauliza kama ni kweli vile viti ni laini. Hakuwahi kuvikalia. Alikuwa anangoja wageni wote wamalize.

Nimewaza usiku na mchana, na sasa nimeamua. Kama gari litanyonyolewa, tulinyonyoe sisi.

Dereva wa lori la ushirika anapeleka mahindi Korogwe keshokutwa na hurudi tupu. Amekubali kupita Kwamndolwa. Nitampa barua ampelekee mume wangu. Nimeanza kuipanga kichwani kwa maneno laini, kwamba najua alivyolipenda, kwamba hata mimi nililipenda, kwamba hakuna atakayemcheka hapa kuliko walivyonicheka mimi na bado naishi. Hayo nitayaandika. Neno la mama yake nitaliweka juu kabisa, kabla hata ya salamu. Lakini vitu lazima vitajwe wazi, maana yeye akiachiwa atatuma kioo kimoja na kusema vingine bado anavipangusa. Naviandika hapa kwanza nisisahau.

Kiti cha nyuma, kizima, na springi zake. Ni cha Mama. Kifungwe turubai kisilowe njiani.

Viti vya mbele, hata kama vimechanika. Mimi na watoto.

Milango minne na vioo vyake. Mmoja wa nyumba, mitatu iwe madirisha, vioo vinavyopanda na kushuka. Vitasa visitolewe.

Boneti na kifuniko cha buti, vya kuziba paa upande usio na nyasi mpaka nyasi zipatikane.

Zulia la sakafuni, hata likiwa na mafuta.

Matairi yote pamoja na la akiba. Tukate viatu vya katambuga, vya Zuhura na vya kina mama wawili walionikanyagia udongo.

Misumari. Mafuta ya taa. Dawa ya kifua kutoka hospitali ya Korogwe, aeleze kwamba ni ya mtu mzima.

Injini na ile giaboksi amwachie fundi kwa kazi yake.

Na bisibisi yake, ile yenye mpini wa mbao. Hiyo asimpe dereva. Aje nayo mwenyewe, maana mimi siwezi kufunga milango peke yangu.