Faida za Kuhamia Shelisheli

Jumanne, 24 Juni 2025

Biharamulo. Nimepata! Anneth amepiga simu saa ya chai, nikatoka masjala, nikaenda kupokea nyuma ya tangi la maji. Hoteli anayofanyia kazi kule Shelisheli inataka karani wa stoo. Yeye kanitaja, meneja kasema niende. Tulisoma chuo darasa moja, yeye akawa jasiri, mimi nikawa mtumishi wa serikali.

Hakuishia hapo. Jua mwaka mzima, bahari kila upande, samaki wabichi, chumba cha wafanyakazi bure, ukiugua unatibiwa. Halafu akasema: na huku, Teddy, hakuna mtu anayekuuliza babu yako kazikwa wapi! Tulicheka sana. Nilipokata simu nilikuwa nimeshaacha kucheka.

Pasipoti. Sina pasipoti.

Ijumaa, 27 Juni

Nimemuuliza Xavery wa meza ya dirishani, kwa mzunguko, kama ninayemuulizia binamu. Mdogo wake aliomba mwaka jana. Anasema sisi wa mpakani tunahojiwa kwanza: wewe, mzazi wako, na mzee wa kwenu anayeujua ukoo. "Na jina lako likianza na Niyo, kama la Warundi," akasema, "beba chakula cha mchana kabisa, hutoki mapema." Ofisi nzima ikacheka. Mimi ni Niyomugabo. Nikacheka pia. Naona nimekuwa hodari wa kucheka.

Niliandike humu, maana hapa hapana msomaji. Mama alizaliwa ng'ambo ya Ruvubu, Burundi. Baba alimposa huko, akavuka naye mpaka kijijini kwetu Bugarama, na tangu siku hiyo Mama hajarudi kuishi kwao. Kijiji kizima kinajua na hakuna anayelisema. Si kwamba wanaficha — kwao si jambo! Kitambulisho chake kinasema kazaliwa Bugarama. Amepiga kura. Baba ni Mhangaza wa Ngara tangu na tangu, kwa hiyo mimi sina shaka na uraia wangu. Ninayemhofia ni Mama.

Nikiwa kidato cha kwanza, Mama Nimpaye, jirani yetu msuka mikeka, aliitwa kuhojiwa. Wiki iliyofuata alivushwa mto, akarudishwa Burundi. Mikeka yake miwili ambayo haijamalizika ilibaki imeegemea ukuta mpaka mvua ikaiozesha.

Kazi yangu ni mafaili. Faili likishafunguliwa hakuna anayeweza kulirudisha likawa halijafunguliwa. Hilo nalijua kuliko mtu yeyote hapa wilayani.

Jumamosi, 28 Juni

Haiwezekani. Nimemwandikia Anneth kwamba siendi. Sijautuma ujumbe.

Jumatano, 2 Julai

Bado sijautuma. Leo badala ya kula nilikaa nikajaribu kupima mambo kwa utulivu, faida kwanza. Bahari: sijaiona maishani, maji makubwa niliyoyaona ni Ziwa Burigi, tena kwa mbali, ndani ya gari. Jua: lakini jua tunalo! Tofauti ni kwamba la kwetu linaleta vumbi na koo kavu, la kule linaleta watu. Wazungu wanavuka dunia nzima kuja kulala chini yake na wanalipia. Mshahara: ndani ya mwaka mmoja ningeezeka nyumba ya Mama upya. Ndani ya miwili ningemtoa kwenye kupalilia mashamba ya watu. Na ile ya Anneth — kutoulizwa. Kuamka asubuhi na jina langu bila kulieleza. Hiyo sikuiandika na faida nyingine, lakini ndiyo iliyoniondolea njaa.

Kwenye hasara niliandika neno moja. Mama. Nikalifuta. Nikaliandika tena.

Anneth ametuma ujumbe wa sauti. Meneja anataka jibu kabla ya tarehe kumi na tano. Nyuma ya sauti yake nilisikia mawimbi, au labda ni upepo tu.

Jumapili, 6 Julai

Bugarama. Nimefika jana jioni, nimechanganyika na vumbi tangu stendi ya Benaco — malori yamejaa pale, konda anakusukumia gari lingine kama gunia. Leo misa, halafu jikoni na Mama tukimenya ndizi. Nilikusudia kumwambia kidogo kidogo. Nikamwambia yote kwa mkupuo.

Nilitegemea akatae. Ningeshukuru, Mungu anisamehe. Akauliza kama huko kuna ndizi. Nikasema hoteli inalisha wafanyakazi. "Nimekuuliza ndizi, umenijibu hoteli," akasema. Akaendelea kumenya. Kisha: mahojiano ni lini?

Nikasema wanahoji kila Jumatano, Ngara mjini, lakini hapana, Mama, huwezi kwenda pale. Nikamkumbusha Mama Nimpaye. Hakuinua macho.

"Mimi nilihama mara moja tu, Teddy. Kwa mtumbwi, nimebeba kuku na kibuyu. Nikalia juma zima, halafu nikazoea. Wewe unapandishwa ndege na unataka kulia kabla hujaondoka! Nenda ukalie huko huko."

Basi, tumefanya mazoezi. Mimi afisa, yeye yeye. Umezaliwa wapi? Bugarama. Umesoma wapi? Sikusoma, tulikuwa wengi nyumbani. Anajibu vizuri kuliko mimi. Nikauliza: jina la baba yako? Akasema Bigirimana. Nikamwambia tutafute jina lingine, la mtu wa huku huku aliyekwishafariki. Akaweka kisu chini.

"Mahali nitabadilisha kwa ajili yako. Baba yangu, hapana."

Nimeona aibu mpaka masikio yakawaka. Tumeliacha Bigirimana kama lilivyo. Huku nako wapo wengi.

Jumatatu, 7 Julai

Saba Saba, ofisi zimefungwa. Nimekwenda kwa baba mkubwa Faustini na sukari kilo mbili. Ni kaka yake marehemu Baba, aliwahi kuwa balozi wa nyumba kumi, na ndiye mzee atakayetusemea. Mama aliniambia: mweleze kila kitu, asije akaropoka.

Sikuweza! Nimekaa kwake mpaka kivuli cha nyumba kikafika uani. Amenisimulia kahawa, magoti yake, padri mpya anayehubiri haraka kama anakimbiza basi. Kila nilipofungua mdomo, nilijiona: binti wa miaka ishirini na mitano anamfundisha mzee mwenye mvi nini aseme na nini asiseme. Mkubwa hafundishwi maneno. Mwishowe nikasema, baba mkubwa, hawa watu watauliza habari za Mama. "Niachie mimi," akasema. "Ukoo wetu nitawaeleza hadi waombe maji ya kunywa!"

Nikarudi. Mama: umemweleza? Nikasema nimemweleza.

Jumanne, 8 Julai

Nimeomba ruhusa kazini mpaka kesho, siku ya mahojiano. Sijamwambia Mama ukweli. Amepiga pasi kitenge chake cha Pasaka. Bado ningeweza kwenda kwa baba mkubwa, ni mwendo wa kushuka bonde tu. Nimevaa viatu mara mbili.

Jumatano, 9 Julai

Ngara mjini. Naandika nikiwa kwenye benchi la nje, koridoni, ili mikono ipate kazi.

Nilianza mimi. Afisa ni mwanamke mwenye miwani, mpole, wala hakunikaripia. Nikaulizwa shule, kazi, hoteli ni ipi. Nikajibu. Akaja Mama, akajibu kama mwanafunzi bora: Bugarama, Bugarama, sikusoma. Afisa aliandika bila kuinua kichwa. Pumzi ikaanza kunirudia. Nilianza hata kuiona ile bahari, Mungu wangu.

Kisha baba mkubwa. Akavua kofia, akakataa kiti. Afisa: shikamoo, mzee, huyu mama unamfahamu?

"Marahaba, mwanangu. Nisimfahamu vipi? Mimi ndiye niliyekwenda kumposa!"

Nikajua. Kabla hajasema lingine, nikajua.

Akasimulia yote. Kwamba walivuka alfajiri na mitungi ya pombe ya ndizi. Kwamba baba yake binti alikataa mara mbili, mara ya tatu akawaambia angalau nyie hamjui kuchoka. Kwamba siku ya kumleta kijiji kizima kiliteremka mtoni kumpokea, wanawake wanaimba, na yeye Faustini ndiye aliyemshika mkono asikanyage tope. Alikuwa anasimulia kwa mikono miwili. "Sisi watu wa Bugarama tunajua kupokea mgeni, afande! Toka siku hiyo hajajisikia mgeni hata mara moja. Muulize mwenyewe!"

Kalamu ya afisa ilikuwa imesimama. Akauliza taratibu, kama anayeogopa kuvunja kitu: mlivuka mto gani, mzee?

"Ruvubu! Upo mwingine?"

Nikamtazama Mama. Nilidhani nitakuta hofu. Alikuwa anatabasamu, ameinamisha kichwa kidogo. Tangu Baba afe hakuna aliyewahi kuisimulia harusi yake.

Afisa akafungua ukurasa mpya. Akasema Mama abaki, sisi wawili tukae nje.

Baba mkubwa yuko hapa pembeni yangu. Ameniuliza: nimesema vizuri? Nikamwambia umesema vizuri sana, baba mkubwa. Amefurahi. Anauliza kama tutawahi gari la saa nane.

Mlango umeachwa wazi kidogo. Namsikia afisa, namsikia Mama, ila sipati maneno yote. Hasemi tena Bugarama. Anasema sentensi ndefu.

Sasa hivi ametokea kijana na karatasi mkononi. Teddy Niyomugabo? Wewe huna tatizo, baba yako anafahamika. Njoo chumba cha pili, picha na alama za vidole. Nikauliza, na Mama? Mama bado anaongea. Wewe njoo, mtandao usije ukakatika.

Nimemwomba dakika moja. Nikienda naye, ninakwenda Shelisheli juu ya mgongo wa Mama. Nikikataa, ukurasa ule hautafutika kwa sababu nimekataa. Nimejaribu kuinuka niingie kwa Mama. Ningesema nini? Mimi ndiye niliyemfundisha uongo. Nimekaa tena.

"Nenda, binti yangu," baba mkubwa ananisukuma bega, "usiwasubirishe watu."

Kijana bado amesimama. Anasema nijipanguse uso kwanza, kamera yao haichukui uso uliolowa. Mlango wa Mama umefungwa sasa, na sikuona ni nani aliyeufunga.